Kibali cha Ng'ombe wa Carol

Kila asubuhi Carol hukamua ng'ombe wawili kabla ya kuchemsha chai. Mumewe, Isaac Ochwo, husafisha zizi na kubeba samadi hadi shamba la mihogo. Awor, mama yake Isaac, huketi kwenye mkeka akichambua mtama, na hutoa maoni kuhusu kazi ya wote wawili. Ndivyo siku inavyoanza nyumbani kwao Iyolwa, wilaya ya Tororo, Uganda.

Carol alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Bumala, upande wa Kenya. Yeye na Isaac wameishi pamoja kwa miaka mingi na wana watoto, lakini mahari ilikuwa haijapelekwa. Kwanza kulikuwa na ukame. Kisha ng'ombe waliugua. Kisha mpaka ulifungwa. Sasa, hatimaye, Isaac alikuwa na ng'ombe watano wenye afya, na baba mkwe wake, Mzee Mukhwana, alikuwa ametaja siku. Ng'ombe waingie Jumamosi.

Siku hiyo haikumhusu Carol peke yake. Mdogo wake, Roselyn, alikuwa amechumbiwa. Katika nyumba ya Mzee Mukhwana, ng'ombe wa binti mdogo hawaingii kabla ya ng'ombe wa binti mkubwa. Wageni wa Roselyn, yaani watu wa upande wa mchumba wake, walikuwa wakimngoja Isaac amalize, na hawakungoja kimyakimya.

Kuvusha ng'ombe kunahitaji kibali. Isaac alilijua hilo na hakulipinga. Zamani angekwenda kwa Dokta Amongin, daktari wa mifugo wa eneo lao. Dokta angewakagua ng'ombe, angeandika kwa mkono neno "mahari", na angepiga muhuri. Lakini mwaka huo karatasi ziliondolewa. Kibali kikawa kinaombwa kwa simu, na kila kitu kikawa, kama redio ilivyosema, rahisi.

Isaac alikwenda kwa Okwi, fundi wa simu pale sokoni, ili amsaidie kujaza. Swali la kwanza liliuliza sababu ya kuhamisha mifugo. Majibu yaliyoruhusiwa yalikuwa kuuza, kuchinja, malisho, au maonyesho ya kilimo.

"Mahari iko wapi?" Isaac aliuliza.

"Hakuna," Okwi alisema. "Weka kuuza. Watu yote naweka kuuza."

Isaac aliweka kuuza, moyo ukimsuta. Swali lililofuata liliuliza bei.

Hapo alikwama. Kwao Iyolwa, na kwa wakwe zake Bumala, kuna jambo moja ambalo halifanywi. Ng'ombe wa mahari hatajwi bei. Anayetaja bei amemgeuza binti wa watu kuwa bidhaa. Isaac aliacha nafasi wazi, simu ikakataa. Aliandika sifuri, simu ikakataa tena. Mwishowe aliandika moja. Aliona amepata njia ya heshima: bei ambayo si bei. Simu ikamshukuru. Kisha ikamwomba jina na namba ya mnunuzi, naye akaandika jina la baba mkwe wake.

Jumamosi waliwapakia ng'ombe kwenye lori. Isaac alisindikizwa na Oboth, baba yake mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Oboth alikuwa amevaa koti zito la sherehe na alikuwa akijifunza hotuba njia nzima. Walipofika lango la mpakani la Busia, ofisa alitazama simu ya Isaac, akatikisa kichwa. Kibali kilikuwa hakijakamilika. Kilimngoja mnunuzi athibitishe.

Wakati huohuo, kule Bumala, wazee walikuwa wameketi chini ya turubai. Simu ya Mzee Mukhwana ililia. Alikuwa ameacha miwani ndani, kwa hiyo alimpa mwanawe, John Paul, amsomee. John Paul hakuupitia ujumbe kwanza. Alisoma kwa sauti ya kanisani:

"Umenunua ng'ombe watano kutoka kwa Isaac Ochwo kwa shilingi moja. Kukubali, bonyeza moja. Kukataa, bonyeza mbili."

Jirani mmoja mzee aliuliza kama shilingi hiyo ilikuwa ya kila ng'ombe au ya wote kwa pamoja. Mzee Mukhwana aliichukua simu na kubonyeza mbili kwa kidole chake mwenyewe. Kisha alimpigia mkwe wake.

"Isaac, mimi nimekuwa mnunuzi tangu lini?"

"Baba, si mimi. Ni simu."

"Ni simu iliyomwoa binti yangu?"

Na kwa kuwa mnunuzi alikuwa amekataa, kibali kilifutwa pale pale. Isaac aliipigia ofisi iliyotoa huduma hiyo. Alisikiliza muziki kwa muda mrefu, jua likiwachoma ng'ombe ndani ya lori. Mwishowe mama mmoja alipokea, akamweleza kwa upole kwamba mnunuzi akikataa, inafaa muuzaji azungumze na mnunuzi. Isaac alisema hakuna mnunuzi. Mama huyo akauliza, basi ni nani aliyekataa? Aliongeza kwamba ombi lililokataliwa haliwezi kurudiwa kabla ya mwezi kwisha. Utaratibu huo uliwekwa ili kuzuia wezi wa mifugo.

Oboth alivua koti lake. Lori likageuka.

Huko Bumala wazee walikula, wakaaga, wakaondoka. Wageni wa Roselyn waliambiwa wangoje tena. Siku iliyofuata John Paul alifika Iyolwa kwa pikipiki akiwa na ujumbe wa baba yake. Carol arudi nyumbani kwao, akae huko mpaka ng'ombe waijue njia.

Carol alifunga mizigo yake huku akiwa na hasira na kila mtu. Alimkasirikia baba yake, mumewe, Okwi na serikali.

"Sikuachi," alimwambia Isaac. "Naenda kwa sababu nimeitwa na baba. Lakini nikikaa kule hadi mvua ijayo, sijui watu watasema mimi ni mke wa nani."

Alimbeba mtoto mdogo, akaondoka. Asubuhi iliyofuata Isaac ndiye aliyekamua, na Awor alikuwa na maoni mengi kuliko siku zote.

Isaac alikwenda kwa Dokta Amongin akiwa amekasirika kiasi cha kusahau salamu. Alisema huduma hii ilitengenezwa na watu wasiowapenda wakulima. Dokta Amongin alimpa kiti na kumwacha amalize. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka. Tangu asubuhi alikuwa ameshawapokea watu wengine wenye malalamiko ya aina hiyo.

"Si kwamba hawawapendi," alisema. "Hawajawahi kuwauliza. Ni kosa jingine hilo, na lina dawa yake."

Akamweleza jinsi mambo yalivyokwenda. Kabla ya huduma kuanza, kulikuwa na mkutano wa wadau katika hoteli moja. Yeye alihudhuria. Walikuwapo watu wa mapato, wa takwimu, wa usalama, na wakuu wa ofisi mbalimbali. Walipewa mifuko na kalamu. Walionyeshwa picha za simu ukutani, wakaulizwa kama kuna swali. Amongin aliuliza kuhusu mahari. Aliambiwa aandike kwa barua pepe. Aliandika, na hadi siku hiyo hakuwa amejibiwa.

"Na wafugaji walikuwa wangapi?" Isaac aliuliza.

"Hakuna hata mmoja. Ng'ombe pekee aliyehudhuria alikuwa kwenye sahani."

Isaac alicheka bila kutaka. Kisha akauliza mdau ni mtu wa namna gani, maana neno hilo alilisikia redioni kila siku na hakuna aliyelieleza.

Dokta Amongin alimhesabia kwa vidole. "Mdau ni kila mtu anayeguswa na jambo. Anayelitumia ni mdau. Anayelisimamia ni mdau. Na yule anayeumia likikosewa ni mdau pia, hata kama hana ofisi."

"Basi hata baba mkwe wangu ni mdau? Yeye si Mganda."

"Yeye ndiye aliyebonyeza mbili. Wewe unaona kuna mdau aliye mkubwa kuliko huyo?"

Dokta alikuwa na habari moja ya manufaa. Kikundi kilichotengeneza huduma kilikuwa kinakuja Busia kusikiliza maoni. Kiongozi wake aliitwa Laban. Amongin alimpigia Laban simu, Isaac akiwa bado ameketi pale. Alimtaka Laban auhamishie mkutano kwenye mnada wa ng'ombe wa Bulumbi. Laban alijibu kwamba ukumbi wa hoteli ulikuwa umeshalipiwa. Amongin alimkumbusha kwamba wafugaji hawawezi kuacha mifugo yao siku ya mnada ili waje kunywa chai. Walibishana. Mwishowe Laban alikiri kwamba alikuwa na wasiwasi wake. Maombi mengi yalikuwa yanaachwa katikati, na hakuna mtu ofisini aliyejua sababu. Akakubali kuja Bulumbi.

Isaac alisema hatakuwa na la kuzungumza mbele ya watu wa kompyuta. Dokta Amongin alimfundisha. Asiseme tu kwamba huduma ni mbaya, kwa maana neno "mbaya" halimsaidii fundi. Aeleze alitaka kufanya nini, aliulizwa nini, alijibu nini, na matokeo yakawaje. Kisha aulize lini watarudi na majibu. Halafu alimpa kazi ngumu kuliko hiyo, nayo ni kumleta Mzee Mukhwana.

Isaac hakuthubutu kumpigia baba mkwe. Alimpigia Carol. Carol alingoja mpaka baba yake amalize kula.

"Baba," alisema, "ulibonyeza mbili mbele ya wazee. Nenda sasa ukawaambie sababu wale walioliuliza hilo swali."

Mzee Mukhwana alisema hana safari ya kwenda kubishana na simu. Lakini siku ya mnada alikuwa wa kwanza kufika Bulumbi, akiwa na fimbo na miwani yake.

Laban alikuja na vijitabu, spika na hotuba. Dokta Amongin alimwomba aache vyote kwenye gari. Alimtaka atoe simu tu, awape watu, na kila mmoja aombe kibali cha mifugo yake. Laban atazame.

"Niwaelekeze kidogo tu," Laban alisema.

"Ukiwaelekeza, utajua kwamba wewe unaweza. Hilo tunalijua. Mikono nyuma, Laban."

Laban akasimama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Haikuwa kazi rahisi kwake. Kila mtu alipokwama, bega lake lilitikisika.

Wa kwanza kukwama alikuwa Acom, mama anayefanya biashara ya mbuzi na ng'ombe katika minada yote ya hapo karibu. Huduma ilisema imemtumia namba ya siri kwa ujumbe. Namba haikufika. Acom hakushangaa. Pale karibu na mpaka, alieleza, simu hunasa mtandao wa upande wa pili wakati wowote, na ujumbe wa upande huu hupotea. Ndiyo maana watu wa Busia wana laini mbili, na huzibadilisha mchana kutwa. Laban aliuliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Acom naye akamuuliza waliijaribia wapi huduma hiyo. Laban akasema mjini, ofisini.

Kisha ikawa zamu ya Mzee Mukhwana, naye alipewa upande wa anayepokea ng'ombe. Alivaa miwani. Alisoma polepole, swali kwa swali, na watu wakamzunguka. Alipofika mahali alipoombwa kuthibitisha, aliinua kichwa.

"Kijana, mimi hapa nimewekwa kama nani?"

"Mnunuzi, mzee."

"Mimi sijanunua. Nimelea mtoto. Ameolewa, na mkwe wangu ananiletea ng'ombe. Niweke mahali pangu."

Laban alijibu kwa unyenyekevu kwamba tatizo hilo lingetatuliwa mara moja. Wangeongeza jibu moja chini ya yale mengine. Lingeitwa "mengineyo".

"Binti yangu si mengineyo," alisema Mzee Mukhwana.

Hakuna aliyecheka, hata Oboth, ambaye hucheka kila jambo. Ng'ombe mmoja alilia nyuma yao. Laban alivuta kiti, akaketi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatoa kalamu.

Isaac akasimama na kusimulia kama alivyofundishwa. Laban alimuuliza kwa nini aliandika shilingi moja.

"Sifuri ilikataliwa," Isaac alisema. "Na zaidi ya moja ingekuwa bei."

Laban akamuuliza Dokta Amongin kama bei inamsaidia kuzuia magonjwa. Dokta alisema haimsaidii hata kidogo. Anachohitaji kujua ni ng'ombe wametoka wapi, wanakwenda wapi, nani anawapokea, na kama wamechanjwa. Laban alifungua kompyuta yake akatafuta asili ya swali lile. Lilikuwa limeombwa na watu wa mapato siku ya hoteli. Kwa ng'ombe wa kuuzwa lilikuwa na kazi yake. Lakini hapakuwa na mtu wa kusema kwamba si kila ng'ombe anayevuka anauzwa.

"Kila aliyekuwa hotelini aliweka swali lake," Laban alisema kwa sauti ya chini. "Ambaye hakuwapo, tulimjibia sisi."

Hapo Oboth aliona nafasi. Alisimama na kushauri kwamba vibali vyote vifutwe, kwa sababu babu zao walivuka na mifugo bila kumwomba mtu. Baadhi walipiga makofi. Dokta Amongin alimkatalia waziwazi. Aliwakumbusha ugonjwa wa miguu na midomo ulivyoingia eneo la Sop Sop kwa fahali mmoja ambaye hakuwa amechanjwa. Minada ilifungwa msimu mzima, na hata wale ambao ng'ombe wao walikuwa wazima hawakuweza kuuza maziwa. Kumsikiliza mdau, alisema, hakumaanishi kumpa kila anachotaka. Kunamaanisha kumjua kabla ya kumwamulia, na kumpa sababu pale anapokataliwa.

"Basi chanjo ibaki," Oboth alisema, akikaa. "Sababu nimeisikia. Minada ilipofungwa hakuna mtu nilimsikia akiisema."

Jioni ilipokaribia, Laban alisoma kwa sauti yale aliyoyaandika, na watu wakamrekebisha. Aliahidi kufanya mabadiliko na kuyaleta hapohapo mnadani kabla ya kuyafungulia nchi nzima. Watu walipokea ahadi hiyo kwa miguno. Walishasikia nyingi. Acom alimtaka ataje tarehe, ataje na mtu atakayewapigia simu. Laban akavitaja vyote mbele ya watu.

Alirudi akiwa amechelewa kwa wiki moja, na Acom alimweleza hivyo kabla ya kumsalimu. Lakini alirudi. Watu walijaribu tena, naye akasimama tena mikono nyuma. Sasa mahari ilikuwa na mahali pake katika orodha, na aliyeichagua hakuulizwa bei. Namba ya siri iliweza kusomwa kwa sauti kwa njia ya simu, iwapo ujumbe umepotea, kwenye laini ya upande wowote. Mzee Mukhwana, ambaye safari hii alikuja bila kubembelezwa, aligundua kosa moja. Ujumbe ulisema "mzigo" wako uko njiani. Alisema ng'ombe wa binti yake si magunia. Laban alirekebisha papo hapo, wote wakitazama.

Mwezi ulipokwisha, Isaac aliomba kibali upya. Alijaza mwenyewe, nyumbani, Awor akimsimamia. Dokta Amongin alikuja akawakagua ng'ombe, akahakikisha chanjo, akathibitisha kwa simu yake. Jumamosi lori lilifika tena lango la Busia. Ofisa alitazama na kusema wangoje kidogo. Oboth alianza kufungua vifungo vya koti.

Huko Bumala simu ya Mzee Mukhwana ililia chini ya turubai. John Paul alinyoosha mkono. Baba yake alimzuia, akavaa miwani, na kuwasomea wazee yeye mwenyewe:

"Isaac Ochwo wa Iyolwa anakuletea ng'ombe watano wa mahari. Wamechanjwa na wana afya. Je, unawatarajia?"

Wazee waliitikia kwa pamoja kwamba wanawatarajia, kana kwamba simu ingewasikia. Mzee Mukhwana akabonyeza.

Ng'ombe waliingia Bumala mchana. Oboth alitoa hotuba yake yote, bila kuruka kitu, na watu wakaivumilia. Roselyn aliwapigia simu wageni wake kabla hotuba haijaisha.

Isaac alidhani Carol angebaki siku chache zaidi kwa ajili ya sherehe ya mdogo wake, kama desturi inavyoruhusu. Hakutaka kuuliza. Lakini jioni alimwona Mzee Mukhwana akitoka ndani na begi la Carol. Mzee alilibeba mwenyewe hadi barabarani, akampa dereva.

"Lori lisirudi tupu," alisema. "Mafuta ni ghali."

Carol aliketi mbele na mtoto mapajani, kando ya Isaac. Oboth alipanda nyuma, mahali walipokuwa ng'ombe, akilalamika kuhusu koti lake hadi Iyolwa.